Mbavu za Mungai

Nilikataa nyama ya mkwe wangu, na harusi ya mwanangu Waweru ikasimama. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mengine ni maelezo.

Mwaka wa 1991 nilikuwa mbebaji katika kichinjio kimoja cha Dagoretti. Ng'ombe anachinjwa, anapasuliwa, wewe unaweka robo yake begani na kuipeleka kwenye gari. Kazi hiyo ina faida moja. Kila asubuhi kuna mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu ukachomwa, na mbebaji halipi.

Daktari Kailash alikuja pale akitafuta wanaume wa kazi ngumu. Alikuwa akichunguza jinsi chakula kinavyoendesha mwili. Mtu akiacha nyama kabisa kwa miezi kadhaa, akala githeri ya mahindi na maharagwe, uji na sukuma wiki vilivyopimwa, misuli yake itakuwaje? Na mwili utakitumia chakula hicho haraka au polepole? Alikuwa na chumba mjini, River Road, juu ya duka la misumari. Nashon, niliyekuwa nikibeba naye, alicheka.

"Kinyanjui, mtu wa Dagoretti abebe ng'ombe na nguvu ya maharagwe? Utabebwa wewe."

Nikasema naweza. Ndiyo sababu ya kuingia. Sina nyingine nzuri zaidi.

Tulianza watu tisa. Wanne waliondolewa mapema. Daktari alikuwa akiwauliza kama wamekula nyama, wanasema hapana. Akiwauliza wamekula nini, wanasema mutura. Walimshangaa alipokasirika. "Daktari, hiyo si nyama," mmoja alimwambia. "Hiyo ni mutura."

Kila Jumanne nilipanda mizani, nikatolewa damu, nikapuliza pumzi kwenye mfuko mkubwa, kisha nikabana kwa mkono chuma chenye mshale wa kuonyesha nguvu. Nilikonda. Suruali nilianza kuifunga kwa kamba. Lakini mshale haukushuka hata kidogo, na daktari alifurahi kama mtu aliyepata mtoto.

"Mzee, usiniangushe," alisema. "Mkibaki wanne, kazi yote natupa."

Nikampa neno langu.

Ndipo tukaenda mtaa wa Satellite kuzungumza mahari. Msichana ni Nyokabi, na baba yake, Mungai, alikuwa na bucha. Mbuzi alimchoma mwenyewe. Kwetu Wakikuyu mambo ya mahari hayaendi kwa midomo mitupu. Mgeni akisusa nyama ya mwenye nyumba, amemsusa mwenye nyumba. Mungai alinikatia mbavu kwa mkono wake.

"Karibu, Baba Waweru. Shika."

"Asante. Mimi niko sawa."

"Uko sawa na nini?"

"Sili nyama siku hizi."

Virginia, mama yake Nyokabi, aliangalia ile kamba ya suruali.

"Umeokoka kanisa gani hiyo?" Mungai akauliza.

"Si kanisa. Kuna daktari ananipima."

"Anakupima nini?"

Ningesema misuli. Nilisema damu.

Miaka ile, mtu akikonda na kupimwa damu, hakuna aliyeuliza swali la pili. Mungai alizifunika mbavu kwa sinia, akasema tutaendelea siku nyingine. Hakusema ipi. Habari zilifika Dagoretti kabla yangu. Nashon aliacha kunywea kikombe changu. Waweru alikuja nyumbani akasimama mlangoni.

"Baba, wamesema hawawezi kuleta msichana kwa nyumba iko na hiyo ugonjwa."

"Sina ugonjwa."

"Si basi ukule nyama ya watu!"

"Nilitoa neno."

"Kwa daktari wa maharagwe. Na mimi je?"

Nikaenda River Road kumwomba daktari aje aeleze mwenyewe. Niliona akisema daktari, watu watasikia. Alikubali upesi. Nadhani alielewa ni kikao cha watu wanaopenda mambo ya lishe, kwa sababu alifunga tai.

Mungai alitupokea vizuri. Alikuwa amechoma mbuzi mwingine. Ubavu wa kwanza alimkatia daktari.

"Asante sana, lakini mimi sili nyama."

"Wewe pia?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na wewe unatibiwa na nani?"

Daktari alidhani ni mzaha. Alicheka peke yake, kisha akasimama kueleza. "Huyu mzee amepungua kilo sita," alisema kwa fahari. Virginia akashika kifua. "Damu yake naichukua kila Jumanne. Mwili wake umezoea kuishi na kidogo. Ajabu ni kwamba mpaka leo bado anafanya kazi!"

Zedekiah, mzee wa kanisa aliyekuja kuwa msemaji wetu, aliinamisha kichwa kama yuko matangani.

Nyokabi alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Hakuna aliyekuwa amenyoosha mkono. Waweru alikuwa anaangalia sakafu. Nikanyoosha mikono yangu, Nyokabi akamimina, nikauchukua ubavu wa daktari na kuuma.

"Mzee! Hapana! Imebaki wiki moja!"

Nikatafuna.

"Mzee, tafadhali, tema hapa." Alikuwa amenitandikia kitambaa chake cha mfukoni.

Nikameza. Mungai alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Kumbe ni huyu alikuwa anakukataza?"

"Ni huyu."

"Na ukakubali? Mwanaume mzima, mkwe wa bucha?"

"Nilikubali."

"Mama Nyokabi," Mungai alimwambia mkewe, "huyu si mgonjwa. Huyu ni mjinga tu." Akanisukumia sinia zima. "Ujinga hauambukizi. Maliza hiyo."

Nilimaliza. Tumbo lilikuwa limesahau nyama, na kabla ya chai nilikuwa nimejifungia katika choo chao. Mazungumzo yaliendelea bila mimi. Nadhani ndiyo maana yaliisha haraka.

Nilipotoka, daktari alikuwa ameondoka. Jumanne nilienda River Road kwa miguu yangu. Hakunipandisha kwenye mizani. Alisema wamebaki wanne, akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Harusi ilifanyika Desemba. Iligharimu hivi: kilo sita za mwili wangu, ambazo zilirudi. Mbuzi wawili waliochomwa, ambao Mungai aliwaongeza kwenye mahari. Kazi ya daktari ya mwaka mzima, ambayo haikurudi. Na neno langu, moja.