Vigae Arobaini vya Ukumbini

Mtu mzima na akili zake, miaka ishirini kazini, na bado Mama Patasi, fundi wa sakafu, alipong'oa vigae vya ukumbi wa nyumba ya zamani aliviandika namba mgongoni kwa chaki. Rangi isiyofutika ilikuwa imemwishia, duka liko mbali, akajiambia, "Leo tu." Kisha akavitumbukiza vyote arobaini kwenye pipa la maji ili vitoe chumvi iliyoviganda. Alhamisi asubuhi alipovitoa, migongo ilikuwa mitupu. Hakuna namba hata moja!

Utasema, si ua lililochorwa ni lile lile kwenye vyote, avipange tu? Thubutu! Vigae vya zamani vilifyatuliwa kwa mkono. Hakuna kinacholingana na mwenzake, na kila kimoja kilisuguliwa kingo kishikane na jirani yake tu. Ukivichanganya, mianya inakenua meno. Na mwenye nyumba, kijana asiye na subira, alishasema: ukumbi usipokamilika Ijumaa, anamwaga saruji.

Mama Patasi alimwambia jirani mmoja tu, tena kwa kunong'ona. Haijafika saa nne, shangazi watatu wa yule kijana wako mlangoni, viatu mkononi.

"Tumeupiga deki ukumbi huu tangu utotoni," alisema shangazi mkubwa. "Lete hicho chenye kovu. Kinakaa hapa, dada alipoangusha cherehani."

"Dada yupi?" wa pili akamrukia. "Uliangusha wewe, ukanisingizia! Fimbo nilichapwa mimi!"

"Miaka hamsini, bado una kinyongo?"

"Ninacho, na nitazikwa nacho."

Mama Patasi akakiweka, akapitisha ukucha kwenye kiungo. Haukukwama. Akaleta kingine.

Walibishana hadi jioni: hiki kiliungua kwa kaa la pasi, hiki kimelika kwa miguu ya wadaku waliosimama dirishani kuchungulia mtaa. Palipogombaniwa, ukucha ukaamua.

Ijumaa kijana akaja na wapagazi wawili, saruji begani.

"Viatu!" akafoka shangazi mkubwa.

Akavua. Akatembea mpaka mwisho wa ukumbi, akarudi polepole.

"Fundi, wewe ni hatari. Umekumbukaje kila kigae kilipokaa?"

Sifa ilikuwa imeshaletwa mezani. Ni kula tu. Mama Patasi akameza mate.

"Sikukumbuka. Namba nilizipoteza mwenyewe, kwa uvivu. Waliovipanga ni shangazi zako."

Kijana akawatazama wale wazee watatu waliokaa sakafuni, wakijifanya hawasikii. Akawageukia wapagazi.

"Rudisheni hiyo saruji." Kisha kwa fundi: "Ukija kutengeneza sakafu ya chumba cha wageni, uje na shangazi."