Kanda Hairudi Bila Neno

Majirani walikuwa wameuzoea muziki wa nyumba ile, ila hawakuacha kuucheka. Fidla zikianza kulia dirishani kwa Fundi, mama wa nyumba ya pili huuliza kwa sauti ya kupenya ukuta ni mkubwa gani wa nchi amefariki leo, maana muziki wa aina hiyo, usio na maneno wala ngoma, wao waliusikia redioni siku za msiba wa taifa tu. Mke wa Fundi humjibu kuwa bado hajafa mtu, asubiri kidogo. Wakimaliza kucheka, kila mtu anarudi kwenye ndoo zake.

Fundi alikuwa fundi wa piano. Miaka thelathini na minane alizunguka na mkoba wake kwenye makanisa, mashule na hoteli mbili tatu, akifungua vifuniko na kukaza waya mmoja mmoja mpaka zote zipatane. Sikio lake lilikuwa kali hata likawa kero nyumbani. Aliwahi kumwomba mkewe atoe kifuniko cha sufuria jikoni kwa sababu kikigongwa kinatoa sauti ya uongo. Mkewe alimwambia basi akatafute mke wa kupikia kwenye piano, lakini kifuniko akakitoa.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri Fundi alikwenda kwa Mzee Saa, mtengenezaji wa saa, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka. Walikuwa wanne tu: Mzee Saa mwenyewe, Sista ambaye ni muuguzi mstaafu, Mwalimu wa kwaya, na Fundi. Walikusanyika ili kila mmoja awaambie wenzake wiki hiyo anasikiliza nini. Sista anapenda fidla nne zinazojibizana kama mawifi. Mwalimu anapenda okestra kubwa, hasa ile ambayo ukiisikiliza unaona kuna mtu anakata roho, na Sista humwambia angeacha kwaya akauze majeneza. Walikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa tangu waanze. Ukiazimwa santuri au kanda, huirudishi mikono mitupu. Unairudisha na neno, yaani jambo moja ulilolisikia humo ambalo mwenyewe, pamoja na kuicheza mara mia, hakulisikia. Usipokuwa na neno, hukuisikiliza, na wiki inayofuata huazimwi kitu.

Kwa neno, hakuna aliyemfikia Fundi. Angeweza kukwambia mpiga piano kiti chake kina mguu unaolegea.

Masikio yalianza kumwacha polepole, kama mgeni anayeaga mara tatu mlangoni. Mkewe alijua kabla yake. Aliona birika linapiga mluzi na mume yuko hatua mbili hageuki. Aliona akiitwa kwa nyuma haitiki, akiitwa kwa mbele anatazama midomo kabla ya kujibu. Kisha shule moja ikamwita airudie piano aliyokwisha kuikaza, kwa maneno ya heshima, kwamba watoto wanalalamika. Alikwenda, akakaza, wakamwita tena. Mara ya tatu hawakumwita.

Daktari aliandika kwenye karatasi ili Fundi asome mwenyewe: mishipa ya masikio imekufa, vile vyombo vya kuweka sikioni vitamkuzia kelele tu, havitamletea sauti. Fundi aliikunja karatasi ile mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati. Njiani alisema, tena kwa sauti kubwa mno, kwani hakuwa akiisikia tena sauti yake mwenyewe, kwamba kichwani amebaki na mbu mmoja asiyelala. Halafu akamshika mkewe mkono, jambo ambalo hakulifanya barabarani tangu ujana.

"Kazi imekwenda, na iende," alisema. "Lakini wale wa Jumamosi wasijue. Nikitoka pale sina pengine ninapoitwa mtu."

Mkewe alikuwa mwanamke wa sala, asiyependa uongo hata wa kumwambia mdai kuwa mwenye nyumba hayupo. Akakaa siku mbili na jambo lile. Siku ya tatu akaiweka redio kaseti juu ya meza ya kupigia pasi, akatia kanda ya fidla ambayo Sista alimwazima Fundi, akasikiliza.

Hakujua chochote. Alikuwa ameishi na muziki ule kama mtu anavyoishi na reli karibu na nyumba. Sasa alilazimika kuusikiliza hasa, akirudisha nyuma, akipiga pasi shati moja mara tatu. Alipomaliza alikaa mbele ya mumewe, akamtazamisha midomo yake, akamwambia alichosikia kwa maneno aliyokuwa nayo. Fidla ya pili, alisema, kila ikitaka kusema inakatizwa, na mwisho inaamua kunyamaza, lakini ule unyamavu wake unasikika. Fundi alimwangalia muda mrefu.

Jumamosi ile aliirudisha kanda na neno hilo. Sista akapiga paja. Miaka kumi na moja ana kanda ile hajasikia hivyo. Mzee Saa akainua kile kioo chake cha jichoni akamtazama Fundi kama saa aliyoletewa kwa mara ya kwanza, akasema mwenzao uzeeni ameota sikio jipya.

Ikawa ndio mtindo wao. Mke naye akaanza kufuatana naye kila Jumamosi, kwa kisingizio kwamba miguu yake inataka mazoezi, kumbe Fundi hasikii tena magari. Alikaa karibu na mlango na ufumaji wake, akimkabili mumewe. Mtu akimuuliza Fundi swali kwa upande, mke hulirudia kama anayejisemea: "Ee, huyo anauliza kama ni ya zamani." Fundi akaisoma midomo, akajibu. Walimtania kwamba shemeji amekuja kumlinda mumewe na Sista, naye Sista akasema yeye mume wa kuazima hamtaki, maana itabidi amrudishe na neno.

Miezi minne walikwenda hivyo. Mke aliomba msamaha kwa Mungu kila alfajiri, na kila alfajiri alijua kuwa Jumamosi atarudia. Na lilikuwapo jambo jingine ambalo hakumwambia Mungu wala mumewe. Alikuwa ameanza kuungoja muziki ule. Alikuwa akimaliza kusikiliza kwa ajili ya Fundi, anaanza upya kwa ajili yake mwenyewe.

Kisha Mzee Saa akamwazima Fundi kanda ya piano na okestra, aliyoinakili mwenyewe kutoka kwenye santuri. Sehemu ya katikati ilikwenda polepole sana. Mke aliisikiliza amesimama, pasi mkononi, mpaka akaunguza ukosi wa shati la kazi. Ilikuwa nzito na ya chini, kama mtu anayerudi nyumbani akijua hatapokewa. Alimweleza mumewe hivyo hivyo. Fundi aliijua kazi ile tangu ujanani, akafumba macho na kutikisa kichwa taratibu, akiipiga yote kwa kumbukumbu.

Jumamosi zamu yake ilipofika, aliiweka kanda mezani akalitoa neno: piano inarudi nyumbani ikijua haitapokewa. Angeishia hapo, angetoka salama. Lakini ufundi una kiburi chake, na yeye alikuwa na miezi minne anakula maneno ya mkewe. Alitaka kuongeza lake.

"Na piano yenyewe," alisema, "imekazwa na mtu anayeijua kazi. Kila waya uko mahali pake. Sijasikia piano iliyokaa sawa kama ile."

Mwalimu alimgeukia Mzee Saa. Mzee Saa alikuwa ameshika kikombe, hakukinywa wala hakukiweka chini.

Mke wa Fundi hakuelewa, ila aliona. Aliona nyuso tatu zikizimika kwa pamoja. Mzee Saa akaanza kueleza, taratibu, akiinamia kikombe chake, kwamba wiki nzima alikuwa anaona aibu. Mashine yake ya kuchezea santuri ina mkanda uliolegea, inakwenda pole, tena inayumba. Kanda ile yote imeshuka karibu nusu noti, piano inalia kama imelowa maji. Aligundua baada ya kumkabidhi. Alikuwa amejiandaa leo kutukanwa, na Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba Fundi ataitupa dirishani kabla ya dakika moja.

Fundi alikuwa bado anatabasamu, akimngoja mtu amjibu. Mzee Saa alikuwa amesema yote yale ameinama, na midomo yake haikuonekana.

Hapo ndipo mke alipotakiwa kulirudia neno, naye alishindwa. Mwalimu akainuka kama anayenyoosha miguu, akasimama nyuma ya kiti cha Fundi, akamwita jina lake la ujana, lile la utani, mara mbili. Fundi akaendelea kutabasamu. Mwalimu akarudi mahali pake, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Sista aliwahi kuwapasha habari mbaya watu wengi katika kazi yake. Alimgeukia mke.

"Shemeji, tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa tano sasa," mke akasema.

"Na lile neno la fidla yangu?"

Mke akatazama ufumaji wake. Fundi alimwona akiinama, akawatazama wengine mmoja baada ya mwingine, na tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo. Hakuna aliyehitaji kumwandikia.

Walikuwa watu wema, na wema wao ndio uliomaliza yaliyobaki. Hawakumtenga. Jumamosi iliyofuata walimkaribisha kwa kelele, wakimpayukia puani kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Hawakumwazima kanda tena, ili wasimtie aibu. Walimuuliza mkewe, yeye akiwa amekaa pale pale, kama Fundi anakula, kama Fundi analala. Wiki ya tatu waliambizana wanasikiliza nini: Sista akasema, Mwalimu akasema, kisha Mzee Saa, aliyekaa ng'ambo ya Fundi, akaanza kusema yake. Zamu ilikuwa ya Fundi. Hakuna aliyekusudia. Maji yalipita tu pale ambapo hapakuwa na kizuizi. Fundi alikuwa amekwisha kohoa kusafisha koo, na mdomo ulikuwa wazi. Akaufunga.

Nyumbani alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda sawasawa, akalala na jua bado liko juu.

Jumatano Mzee Saa alikuja mwenyewe na mfuko wa kanda. Fundi alikuwa uani. Mzee Saa alikaa kwenye ncha ya kiti, akasema kwa aibu ya mtu mwema kwamba wameongea wote watatu. Maneno yale ya miezi minne hayakuwa ya mtu asiye na sikio. Shemeji ana kipaji. Wangefurahi aje Jumamosi, si kwa kumsindikiza mtu, bali aje kama mmoja wao. "Nafasi isikae tupu," alisema. "Tukibaki watatu haichangamki."

Mke alimjibu kwamba ataona. Alijua angepaswa kukasirika, na alijitafuta hasira ndani akaikuta ndogo. Alichokikuta kikubwa ni tamaa. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuupokea ule mfuko.

Alipogeuka, Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alikuwa ametazama midomo ya Mzee Saa muda wote.

"Nenda," alimwambia mkewe mgeni alipoondoka. "Maneno yalikuwa yako. Mimi nilikuwa barua tu."

"Siendi, baba."

"Basi uzicheze hapa."

"Na hapa sizichezi."

Fundi hakulishika la pili, kwani mkewe alilisema amemgeuzia mgongo, akiusukuma ule mfuko juu ya kabati. Alingoja kidogo, kisha akarudi uani.

Jumamosi ilipofika, mke alifua shuka ambazo alizifua Alhamisi. Saa kumi ilimkuta anakamua. Alijaribu kusali akiwa anafanya kazi, kama kawaida yake, akakuta hajui aombe nini. Masikio ya mumewe yalikuwa hayarudi. Daktari alikwisha kuliandika hilo. Kuomba Fundi arudi mahali pake alishindwa, maana mahali pale pameshatolewa, tena amepewa yeye. Na kuomba asiitamani nafasi ile kungekuwa uongo mwingine, naye alikuwa na madeni ya kutosha ya aina hiyo mbele ya Mungu.

Mama wa nyumba ya pili aliuliza ukutani mbona kimya, au leo wakubwa wote wa nchi ni wazima. Mke wa Fundi akaendelea kuanika. Mumewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini, amevaa shati la nyumbani, anatazama midomo ya mkewe asije akapitwa na neno, na mke hakuwa na la kumwambia.