Kiti Kilichokwama

Mgomo hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa kiwandani, siku alipozima mitambo ya nyuzi, akapanda juu ya robota la pamba na kuwaambia wenzake kwamba anayekula jasho la mtu hashibi. Tangu hapo hakusahau kitu. Mwamshe usingizini, atakutajia msimamizi aliyefunga milango ya karakana watu wakiwa ndani, na rangi ya tai aliyovaa.

Kiwanda kilipokufa na mabwana wakatokomea, gari dogo la kifahari la meneja lilipigwa mnada. Akalinunua yeye. Wenzake wakamcheka mpaka mbavu ziwaume.

"Mpinga mabwana kwenye viti vya ngozi!"

"Ngozi hiyo ni yetu," akawajibu. "Tuliochunwa ni sisi."

Sasa bintiye alikuwa amemletea toleo jipya la gari lile lile, kwa sharti moja: lile kuukuu amwachie fundi, aliyekuwa akilitamani siku nyingi. "Baba, breki zile zitakuua."

Haki ya mtu mpe. Jipya lilikuwa tulivu. Lilimeza mashimo bila kucheua, na kwenye kona halikulala upande. Lakini usukani wake ulikuwa mwepesi mno, kama kupeana mkono na mtu asiyekutaka. La zamani lilimsimulia kila kokoto. Boneti ya la zamani ukiifungua unaiona injini. Ya jipya, unakuta mfuniko wa plastiki uliofungwa kama ofisi ya bosi. Wamekuuzia gari, ruhusa ya kuligusa wamebaki nayo! Tairi ya akiba hakuna, kuna kopo la povu la kuzibia pancha. Tena lina mdomo: funga mkanda, rudi kwenye mstari wako, umechoka, pumzika.

"Wameniwekea msimamizi humu," alinung'unika.

Hayo yote angeyameza. Shida ilikuwa kiti.

Marehemu mkewe alikuwa mfupi. Alikivuta kiti cha abiria hadi karibu na dashibodi, aione njia "na makosa yako yote, baba watoto," na reli zikashika kutu pale pale. Alipokwenda, kiti kilibaki alipokiacha. Wageni magoti hayakuingia, wakawa wanapanda nyuma, na majirani wakamtania: "Dereva, bosi wako anashuka wapi leo?" Alicheka nao. Akibaki peke yake barabarani, alizungumza na kile kiti, na ugomvi wao ukaendelea kama zamani.

Kwa hiyo alishakata shauri. La zamani angelitengeneza breki, binti akose la kusema, na jipya lirudi lilikotoka.

Asubuhi fundi akalirudisha lile la zamani, uso umejaa tabasamu.

"Shikamoo, mzee. Breki tayari. Na zawadi juu."

"Marahaba. Zawadi gani?"

"Kile kiti! Reli zilikuwa zimeoza kutu. Nimezisugua, nimezipaka grisi. Sukuma kwa kidole tu uone."

Kiti kilikuwa nyuma kabisa, kimekaa vizuri, tayari kumpokea yeyote.

"Nani kakutuma?"

"Mzee, hiyo bure kab—"

"Nimekuuliza, nani kakutuma!"

Fundi akanywea. Mgomo akainama, akakivuta kiti mbele. Kikalia ta, ta, ta juu ya meno ya reli. Hapa? Akakirudisha jino moja. Hapa? Akaenda kusimama upande wa dereva, akachungulia, akarudi, akakivuta tena.

"Mama alikuwa anakaa wapi?" fundi akauliza kwa sauti ya chini.

Mgomo akafungua mdomo. Tai ya yule msimamizi ilikuwa ya kijani, yenye doa la wino. Hilo lilikuja lenyewe. La kiti halikuja.

Akaondoa mkono juu ya kiti. Kisha akampa fundi ufunguo.

"Chukua, mwanangu. Limeshakuwa gari tu."

Jioni akatoka na lile jipya. Likamlalamikia mkanda, likamlalamikia mstari, likamlalamikia mwendo. Kiti kitupu pembeni yake halikukisemea neno.