Nafasi ya Mkaguzi

Njia mbili za shaba zilitoka pamoja upande wa juu wa bodi ya saketi, zikaenda bega kwa bega kama inavyotakiwa, kisha zilipofika kwenye tundu la skrubu zikaachana. Moja ilipita kushoto, nyingine kulia, na ile ya kulia ikazurura pembeni kabla ya kukumbuka inakokwenda. Eveline aliikodolea macho skrini ya kompyuta mpaka chai yake ikapoa. Kosa lile hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeona haya kulifanya, na aliyelifanya ni Mwalimu Sosthenes, mtu aliyemfundisha yeye kuchora saketi.

Miaka tisa iliyopita, chuoni, Mwalimu alimweleza habari ya jozi ya njia kwa mfano wa kwao Kilolo, ambako mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka barabarani.

"Hizi njia mbili ni wabebaji wawili," alisema. "Ujumbe ni mmoja, wameubeba wote. Kelele za umeme zikiwapiga, ziwapige sawasawa, na ujumbe utafika salama. Lakini mmoja akitangulia, au wakiachana njiani, wamemwaga mgonjwa."

Ndiyo maana njia iliyo fupi hukunjwakunjwa makusudi ili irefuke, zote zifike kwa wakati mmoja. Eveline aliipenda kazi hiyo siku ileile. Baadaye wakafungua karakana yao wawili hapa Uyole, nyuma ya duka la mbegu, mahali ambapo malori ya barabara kuu hutikisa madirisha kutwa nzima.

Tangu mwaka jana Mwalimu alikuwa anasahau. Alichora njia moja leo, pacha wake akamchora keshokutwa, kana kwamba hawajuani. Programu ilipomwonya kwa alama nyekundu, aliyazima maonyo, akasema yanamchosha macho. Eveline aliyawasha tena. Mara nne alikwisha kuzifuta njia za Mwalimu kimyakimya na kuzichora upya, na mara zote aliziacha herufi za jina la mzee mahali pake. Asubuhi hii alifanya hivyo kwa mara ya tano.

Maana kila bodi yao ilikuwa na herufi ndogo nyeupe kwenye kona: kwanza za mchoraji, kisha za mkaguzi. Sheria aliitunga Mwalimu mwenyewe. Anayechora hajikagui, na herufi za mtu ambaye hakuiona kazi haziandikwi.

Saa nne Nkuba aliingia, amekumbatia boksi. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, na ndiye aliyewaagiza vifaa vya kupimia unyevu wa mpunga. Bodi thelathini za kwanza alikwisha kuzichukua. Mia mbili nyingine ndizo zilizokuwa kwenye skrini, na faili lilitakiwa kiwandani, ng'ambo, kabla ya jioni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za Rujewa?"

"Si nzuri." Nkuba aliliweka boksi mezani. "Kumi na tisa zinasema uongo. Mashine ikiwa imezimwa zinapima vizuri. Ikishawaka tu, namba zinarukaruka. Juzi kuna mama tumemkobolea mpunga mbichi, kifaa kimesema mkavu. Magunia kumi na moja, yote chenga. Ndiyo mavuno yake, hana mengine."

Nkuba akatoa kifaa kimoja kilichofunguliwa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa pameandikwa S.K. Huyo ni Mwalimu, namjua. Halafu E.M. Aliyekagua ni nani?"

Eveline aliipokea bodi. Jozi ilikuwa imeachana palepale kwenye tundu la skrubu. Bodi hiyo hakuwahi kuiona. Wiki ilipotumwa yeye alikuwa Tukuyu, akimzika mama yake, na huku nyuma mkono wa Mwalimu uliandika herufi za wote wawili kwa mazoea tu.

"Ni mimi," alisema.

Nkuba alimgeukia. "Dada, mimi sikusoma. Ila kwetu, nikisema ng'ombe wa mwenzangu nimewahesabu, basi nimewahesabu. Hizo mia mbili nazisubiri. Zikija hivi, tusijuane tena."

Alipoondoka, Mwalimu alibaki amesimama, mikono ndani ya sweta.

"Wiki ile ulikuwa Tukuyu," alisema. "Nilikuja msibani, nikarudi, nikalituma faili."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na nikaandika jina lako."

Akaisogelea kompyuta, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Mikunjo ya Eveline ilikuwa ya mviringo, ya Mwalimu siku zote ilikuwa na kona zilizokatwa.

"Mimi sikunji hivi. Umezichora upya mara ngapi?"

"Hii ya tano."

Mzee hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Eveline. Alikuwa akijiambia kwamba anamsitiri. Kumbe alimwacha peke yake na ugonjwa ambao yeye aliujua, na siku alipokosekana, gharama akailipa mama wa Rujewa ambaye hawakumfahamu hata kwa sura.

"Toa herufi zangu kwenye uchoraji," Mwalimu alisema. "Weka zako. Mimi nitakagua."

Akakalia kiti cha mkaguzi, akavaa miwani. "Nionyeshe, jozi ni zipi?"

Eveline aliweka kidole kwenye skrini. Mwalimu akaweka cha kwake kando yake, akazifuata zile njia taratibu. Kwenye tundu la skrubu kidole kilisita, kisha kikaendelea na njia nyingine kabisa, njia nene ya umeme, mpaka ukingoni mwa bodi.

"Ziko vizuri," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha. "Andika S.K."

Herufi mbili tu. Eveline aliweka vidole kwenye vibonyezo, asibonyeze. Hakuwahi kumkatalia mtu huyu jambo lolote.

"Siwezi, Mwalimu. Hukuziona."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi pabaki wazi," alisema.

Eveline alimpigia simu Vitus, aliyesoma naye, ambaye ana karakana yake Iringa. Vitus alikubali kuikagua bodi kabla ya saa kumi. Faili likaenda kwake Iringa, na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Mwalimu hakutoka kwenye kile kiti. Alitulia, miwani mkononi, akiitazama ile nafasi tupu iliyofuata E.M.

Baadaye alimgeukia Eveline kwa upole, kama mtu aliyekumbuka adabu.

"Na mama yako kule Tukuyu, hajambo?"

Nje lori lilikuwa linapita, madirisha yakitetemeka. Eveline alingoja limalizike kupita.