Siku Mama Pacha Alipozima Mashine

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa vyumba viwili tu nyuma ya duka la viatu, na watu wanne waliofanya kazi ya watu kumi. Mwenye kiwanda walimbandika jina la Sasa Hivi, maana hakuna alichokitaka kesho. Kalenda? Sasa hivi. Kadi za harusi? Sasa hivi. Mtu akienda chooni, bosi alisimama nje akitazama saa.

Mama Pacha alikuwa mpanga kurasa wa pale kwa miaka sita. Jicho lake lilikuwa kali; herufi moja ikikosewa, hakupata raha mpaka airekebishe. Makelele ya bosi yaliingia sikio hili yakatokea lile. Hata simu za Jumapili alizipokea.

Lakini Alhamisi moja, mchana kweupe, alimwona Babu Wembe akisinzia wima. Babu Wembe ndiye aliyekata karatasi kwa mashine, na hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na tisa bila mapumziko. Kichwa kilikuwa kimemwinamia kifuani, mkono uko chini ya kisu. Mama Pacha aliruka, akamvuta kwa shati. Kisu kikashuka, kikaondoka na kishikizo cha mkono wa shati.

Mama Pacha hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa ukutani, akaizima.

Sasa Hivi alitoka ofisini mbio. "Nani kazima umeme? Vitabu vya shule vinatakiwa sasa hivi!"

"Nimezima mimi, bosi."

"Washa!"

"Siwashi. Babu anakwenda kulala, na kesho hatakuja. Jumapili hatutakuja sisi sote, wala simu hatupokei."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Unaweza. Basi utafute na wa kupanga kurasa mia mbili zilizobaki."

Mfunga vitabu, dada asiyependa maneno mengi, akavua aproni na kuketi juu ya maboksi. Dereva naye akajisogeza pembeni yake.

"Mmenigeuka?"

"Tumechoka, bosi," dereva akasema. "Hatuna ugomvi na wewe."

Sasa Hivi akakunja mikono ya shati, akawasha umeme, akaishika mwenyewe kazi ya kukata karatasi. Rundo la kwanza likatoka limekwenda upande. La pili, vivyo hivyo. Kisu kiliposhuka mara ya tatu karibu na vidole vyake, akarudi nyuma, jasho likimtiririka.

"Kumwambia mwalimu mkuu vitachelewa ni aibu," alinung'unika.

"Mpigie tu," Mama Pacha akamwambia.

Akapiga, akiomba radhi kabla hajasalimia, akasema vitabu vitachelewa hadi Jumanne. Sauti ya mwalimu ilisikika chumba kizima: "Jumanne? Mbona sisi tunavihitaji mwezi ujao!"

Babu Wembe ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakashindwa kujizuia, wakacheka hadi machozi, na bosi akabaki ameshika simu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Hakugeuka malaika. Bado hufoka wino ukimwagika. Lakini mkataji wa pili aliajiriwa, na zamu zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Mama Pacha. Mteja akiingia, ni bosi mwenyewe anayemkaribisha kiti na kumuuliza, taratibu kabisa, "Kazi yako unaihitaji lini hasa?"