Bi Taratibu wa Ukutani

Ofisini walimwita Maswali, na jina likamkaa, maana kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo: kuuliza. Kabla waandishi wa programu hawajaandika mstari hata mmoja, yeye alitakiwa awe ameshafika kwa watu watakaoitumia, awaulize wanafanya nini, wanakwama wapi na wanataka nini, kisha arudi na majibu kwenye vikadi. Kila kikadi kilikuwa hadithi ya sentensi moja: kama karani wa masjala, nataka kumpata mgonjwa kwa jina la ukoo, ili asisubiri sana dirishani. Alivipenda vikadi vile. Alitoka chuo akiamini kwamba programu nyingi huharibika kwa sababu hakuna aliyeketi na mtumiaji akamsikiliza, na kwamba yeye ndiye angeketi.

Mradi wake wa kwanza ulikuwa wa masjala ya hospitali, kule mafaili ya wagonjwa yanakotunzwa. Alipokwenda mara ya kwanza alikuta foleni imeteremka mpaka kwenye ngazi na makarani wanapokezana mafaili juu ya vichwa vyao. Msimamizi akamwambia kwa upole kwamba nafasi ya kuhojiwa hawana, labda aje siku nyingine. Hiyo siku nyingine haikufika. Alikuwa na njia ya mkato nyumbani: shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, alikuwa karani wa masjala hiyo hiyo.

Basi akamhoji jikoni. Shangazi anamenya vitunguu, yeye yuko upande wa pili wa meza na kalamu yake.

"Uliza tu, mwanangu," shangazi alisema, "mradi usiniulize umri."

Akaeleza yote, na kuigiza juu: jinsi wagonjwa wanavyotaja majina ya nyumbani badala ya yale ya kwenye cheti, jinsi faili linavyopotea likiwa mkononi mwa aliyelitafuta. Walicheka mpaka sufuria ikaungua chini. Siku ya mwisho ya mahojiano hayo, Maswali akiwa amekwisha kuifunga kalamu, shangazi akaanza kusimulia jambo ambalo hakuulizwa. Katika mafunzo ya kompyuta alibonyeza mahali asipopajua, akafuta mazoezi ya darasa zima. Watu walicheka kidogo tu, si sana. Yeye akatoka kama anayekwenda kunawa mikono, akajifungia chooni, akalia mpaka kipindi kikaisha. Hakuwahi kumwambia mtu.

Maswali alimkumbatia, vitunguu na yote. Kisha akaenda chumbani kwake, akaifungua tena kalamu.

Timu yao ilikuwa na desturi ya kubandika ukutani karatasi ya mtumiaji wa mfano: mtu wa kubuni, mwenye jina, sura ya kuchorwa, tabia zake na hofu zake, ili mwandishi wa programu akiinua macho amkumbuke anayemtumikia. Maswali alimpa wake jina la Bi Taratibu, na aliandika kwa mapenzi kabisa. Huandika kwa kidole kimoja. Huweka miwani kichwani kisha akaitafuta. Huiomba kompyuta radhi kabla ya kubonyeza. Aliwahi kufuta kazi ya darasa zima, akaenda kulia chooni. Hakuandika kwamba Bi Taratibu ni mtu mmoja aliye hai, tena wa damu yake.

Meneja wao, mama mmoja mwenye haraka na moyo mzuri, alisema kwamba hatimaye wamepata mtumiaji anayepumua. Kipara, mwandishi mkuu wa programu, aliisoma karatasi ile mara mbili, akajipapasa kichwa chake kinachong'aa, akasema mama huyu anahitaji kitufe cha kumrudishia chochote alichokifuta. Akakitengeneza, kikubwa, kimeandikwa "Tendua". Kilikuwa kitu bora kuliko vyote walivyotengeneza, na kilizaliwa na machozi ya shangazi. Maswali alijifariji kwa hilo alipohitaji kujifariji.

Maana utani nao ulizaliwa. Mtu alimwongezea Bi Taratibu kamba ya miwani, mwingine akamchorea ndoo chini ya macho. Aliyechelewa kumaliza kazi aliulizwa kama leo ameamka Bi Taratibu. Maswali alicheka pamoja nao. Mwanzoni alijilazimisha; baadaye kicheko kikaizoea njia.

Ikafika siku ya maonyesho. Kila baada ya wiki mbili walionyesha walichofanya, na safari hii masjala ingewaleta makarani watatu. Asubuhi hiyo alimkuta shangazi amesimama sebuleni, anapiga pasi gauni lake la harusi za watu.

"Nilitaka nikushtukize huko huko," shangazi alisema, "lakini siri imenishinda. Nimechaguliwa. Usiwe na wasiwasi, sitasema mimi ni nani wako. Nitakaa nyuma na kimya changu, nisije nikakutia aibu mbele ya wenzako."

Maswali aliiacha chai yake mezani. Aliwahi ofisini karibu kwa kukimbia. Chumba cha mikutano kilikuwa kimeshafagiwa, viti vimepangwa, na Bi Taratibu yuko palepale ukutani na ndoo yake. Alikuwa amekwisha kubandua pembe mbili za karatasi Kipara alipoingia na waya za projekta mabegani.

"Unamhamisha mama wa watu siku ya sherehe yake?" Kipara akauliza. "Mwache. Leo ninamtaja."

Ilitosha aseme neno moja: ni shangazi yangu. Alilipata, akalifikisha mpaka kwenye ulimi, akaona uso wa Kipara utakavyobadilika, akaona na wake. Akazibandika pembe zile upya, akazikandamiza kwa kidole gumba.

Makarani waliingia, msichana mmoja mchangamfu, bwana mmoja wa makamo, na shangazi nyuma yao katika gauni lililonyooka. Alimwamkia Maswali kama anavyomwamkia mgeni, akaketi, akatafuta miwani yake. Ilikuwa kichwani. Mwandishi mmoja kijana akamgusa mwenzake kiwiko.

Onyesho lilikwenda vizuri. Bwana wa makamo aliuliza kuhusu umeme ukikatika, akajibiwa. Kisha Kipara akafika kwenye kitufe chake, na kwa sababu alikifanya kwa moyo wote, alikieleza kwa moyo wote. Akanyoosha mkono ukutani. Akasema hiki walimtengenezea Bi Taratibu wao, aliyefuta kazi ya darasa zima kwenye mafunzo akaenda kujifungia chooni kulia, na kwamba kuanzia leo Bi Taratibu hatalia tena. Timu ikacheka, kicheko cha watu waliozoea jambo.

Yule msichana wa masjala alicheka pia, kisha akaacha. Alikuwapo kwenye mafunzo yale. Akageuza shingo polepole kumtazama shangazi, na yule bwana naye akageuka.

Shangazi alikuwa anaisoma karatasi. Aliisoma yote, kutoka juu mpaka kwenye ndoo, midomo ikitembea kidogo kama kawaida yake anaposoma. Hakuna aliyekuwa na haraka naye. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha adabu, cha mtu aliyealikwa.

"Kitufe kizuri," akasema. "Huyo mama mmempunguzia mzigo."

Maswali alitazama meza. Kulikuwa na alama ya kikombe mbele yake, duara lisilofunga, na alilitazama hilo mpaka viti vikaanza kusogezwa. Alimkimbilia shangazi kwenye ngazi, lakini shangazi alisema tu kwamba foleni inawasubiri, na akamwita madamu.

Jioni shangazi alipika kama siku zote, akapakua kama siku zote, akazungumzia bomba la jirani linalovuja. Maswali hakuona pa kuingilia. Mwishowe akaingilia popote. Akasema alikusudia mema, akasema kitufe kile kitawasaidia makarani wengi, akasema jina hakulitaja. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kimoja kilitoka kinywani kikiwa kidogo kuliko kilivyoingia.

Shangazi aliweka kijiko chini.

"Ya kazini uliniuliza, nikakujibu," akasema. "Lile la chooni hukuniuliza. Lile nilimwambia mtoto wangu."

Akaondoa sahani, yake na ya Maswali, ingawa ya Maswali ilikuwa bado imejaa.

Kila asubuhi timu ilisimama duara, na kila mmoja akasema kwa ufupi alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha. Kesho yake zamu ikamfikia Maswali.

"Jana nilimwacha shangazi yangu achekwe mbele ya wenzake," akasema. "Bi Taratibu ndiye yeye. Aliyekaa nyuma, mwenye miwani. Aliniambia mimi peke yangu, nikamleta hapa."

Kipara alipandisha mkono kichwani akausahau huko huko. Aliuliza, karibu kwa kunong'ona, kama mama yule alikuwapo wakati yeye anaonyesha ukutani, ingawa alijua. Kijana wa kiwiko akatazama viatu vyake. Maswali alitamani wamkemee, lakini waliona haya pamoja naye, na hilo lilikuwa zito zaidi, maana haya yao aliwapa yeye. Aliibandua karatasi. Rangi ya ukuta ilitoka na pembe moja.

Meneja akauliza sasa watamtazama nani, na hakuuliza kwa ukali. Maswali akasema hajui. Akasema anakwenda masjala, mahali alipopaswa kurudi tangu mwanzo, na kama itabidi apange foleni, atapanga.

Ikabidi apange. Alisimama kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mzee aliyeshika cheti ndani ya mfuko wa plastiki, akasogea walivyosogea. Alipofika dirishani, shangazi alikuwa ameinamia kazi.

"Jina?"

Maswali akataja jina lake lote, na la baba yake. Kidole kimoja cha shangazi kikasimama hewani.

"Shida yako?"

"Nimekuja kuomba radhi, shangazi," akasema. Alisema kwa sauti ya chini, lakini msichana mchangamfu aliyekuwa meza ya pili akasikia, na Maswali alitaka asikie. "Mimi ndiye niliyeisema siri yako. Na ukiniruhusu, nikae nione mnavyofanya."

Mzee wa mfuko wa plastiki alikohoa nyuma yake. Shangazi alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akamtazama kwa muda ambao foleni isingeuruhusu siku nyingine.

"Mlango uko upande ule," akasema. "Kalamu iache nje."

Hakukuwa na kiti. Maswali alikaa juu ya kasha la mafaili ya zamani, mikono mitupu mapajani, hajui aiweke wapi. Hakuna aliyemsemesha. Msichana wa meza ya pili alimpita mara kadhaa bila kumtazama, kisha akamtazama, kisha akamsogezea kasha lingine aegemee. Makarani waliitana, wakataniana, wakapotezeana mafaili, na shangazi aliandika kwa kidole kimoja, akiiomba kompyuta radhi.

Hakumwita mwanangu siku ile. Lakini watu walipofurika dirishani, alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akataja jina la mgonjwa, na Maswali akainuka kutafuta.