Shingo ya Gerlando na Vijiti vya Salfa

Siku ya harusi ya mpwa wangu Melina, bwana harusi aliamka shingo imekakamaa, imegeukia kulia, haigeuki kushoto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Gerlando, mchimbaji salfa mwenye mabega kama ya fahali, kashindwa na mto wa kulalia.

Kicheko kilinikatika nilipomkumbuka Melina. Alishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatamkubali mwanamume atakayesema “ndiyo” bila kumtazama usoni. Baba yake alimwoa dada yangu huku akiangalia mlango wa kanisa, na haikupita miaka mingi akaondoka asirudi. Na bi harusi husimama kushoto, upande wa moyo. Padre alikataa tubadilishe upande, akakataa pia Gerlando aipe altare mgongo.

Mama yangu, Bibi Diega, alileta dawa yetu: vijiti vya manjano vya salfa, vya kuvingirisha shingoni. Kijiti kikilia na kukatika, maumivu yameingia humo. Cha kwanza kikalia krr, tukashangilia, shingo haikusogea. Cha pili vilevile. Gerlando akatueleza kwamba salfa haipitishi joto upesi: mkono unaipasha nje, ndani bado baridi, nje inatanuka, ndani inagoma, basi inapasuka.

“Inalia kwa joto la kiganja chako, bibi, si kwa maumivu yangu.”

“Nyamaza, mjukuu. Wewe unaichimba tu, mimi ndiye ninayeijua.”

Tukaenda kanisani na vijiti vilivyobaki. Gerlando akasimama mbele ya altare akiikodolea macho picha ya Mtakatifu Barbara kwenye ukuta wa kulia. Melina alipofika akamuuliza kama harusi ni yao au ni ya Barbara. Padre alificha uso nyuma ya kitabu. Zaburi ikiimbwa, Bibi Diega aliendelea kuvingirisha, krr, krr, chenga za manjano zikidondoka kwenye suti mpya, nami nikauma mtandio wangu nisiangue kicheko. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Kisha Padre akauliza lile swali, na Gerlando hakuthubutu kusema “ndiyo” huku akimtazama Barbara. Melina akampokonya bibi kijiti cha mwisho, akakikandamiza mwenyewe kwenye shingo ile kwa kiganja kizima. Kanisa zima likatega sikio. Hakikulia. Bibi Diega akanong'ona kwamba huo ni mkosi.

“Mbona mkono wako wa baridi hivyo, Melina?” Gerlando akauliza, macho bado kwa Barbara.

“Nani kakwambia ni wa baridi?”

“Salfa. Imenyamaza. Unaogopa?”

Nilidhani Melina atamrushia kijembe, namjua. Hakumrushia.

“Naogopa sana. Nitajuaje kama hutaniacha?”

Gerlando akaanza kugeuza shingo. Aliigeuza taratibu, jasho likimtiririka, machozi yakimlengalenga, akitoa mlio ambao nilikuwa nimeusikia kwa punda tu. Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu alikuwa bado anageuka. Macho yake yakamfikia Melina, yakatulia hapo.

“Ndiyo,” akasema.

Padre akamgeukia Melina na swali lake. Mpwa wangu akalia, akacheka, akasahau kabisa kwamba zamu ni yake. Padre akarudia. Bado analia na kucheka. Ndipo dada yangu akainuka kwenye benchi la mbele, mwanamke ambaye hajawahi kupaza sauti kanisani.

“Jibu, mwanangu,” akamwambia. “Huyu anakutazama.”